Gari-nyumba kando ya mito na maziwa ya Ozark: makosa ambayo wengine wameshayalipia

Kiwanja kinachopendeza kuliko vyote kando ya mto mara nyingi ndicho kilicho chini kuliko vyote. Picha haisemi hilo. Unaona nyasi, kivuli, meza ya mbao na maji yanayong'aa hatua 15 kutoka mlangoni, unalipia papo hapo kabla mwingine hajakuwahi. Kumbe udongo ule ni tambarare na laini kwa sababu mto wenyewe ndio ulioutandaza pale, mafuriko baada ya mafuriko.

Maelezo haya ni ya milima ya Ozark, kusini mwa Missouri na kaskazini mwa Arkansas. Ni mwendo wa saa tatu au nne kutoka Kansas City na St. Louis, miji yenye familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nyumbani. Marekani kila mtu husema RV. Hapa nitaita gari-nyumba lile lenye injini yake, na trela lile linalovutwa na pikapu. Nitafuata mpangilio wa safari yenyewe, tangu siku ya kuweka nafasi hadi kurudisha funguo, maana makosa nayo huja kwa mpangilio huohuo: lililofanyika mwezi wa pili hulipiwa mwezi wa saba.

Kuweka nafasi kwanza. Kambi nyingi kando ya mabwawa makubwa ya huko zinasimamiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, na nafasi zake hupatikana kupitia tovuti ya Recreation.gov. Nyingi hufunguliwa miezi 6 kabla ya tarehe, saa 4 asubuhi kwa saa za Mashariki ya Marekani, na za wikendi za Julai huisha haraka sana. Kwa haraka hiyo watu huangalia mambo mawili tu: kama kiwanja kina umeme na kama kipo karibu na maji. Kuna mambo mengine matatu ya kuangalia. La kwanza ni urefu wa kiwanja. Kikiandikwa futi 30 na gari lako ni futi 31, usijidanganye kwamba futi moja si kitu. Huenda nyuma kuna mti. La pili ni kama kiwanja kimelala au kina mteremko. La tatu, lililo kubwa kuliko yote, ni kimo chake juu ya maji.

Maziwa haya si ya asili. Ni mabonde yaliyojazwa maji kwa mabwawa, na mabwawa hayo yalijengwa pamoja na mambo mengine ili kuzuia mafuriko. Ziwa Table Rock, kwa kawaida, maji yake yapo futi 915 juu ya usawa wa bahari, lakini bwawa limetengewa nafasi ya kuyapandisha hadi 931. Bull Shoals kawaida yake ni kama 659, na nafasi ya mafuriko inafika 695. Hizo ni futi 36, mita 11! Sehemu ya kambi imo ndani ya tofauti hiyo. Masika yakiwa mazito, maji hupanda taratibu, masanduku ya umeme yanakaribia kuzama, umeme unakatwa na viwanja vya chini vinafungwa. Ziwani hutapoteza maisha kwa hilo, utapoteza likizo. Kwa hiyo piga simu ofisi ya kambi uulize swali moja: maji yakipanda, ni viwanja gani hufungwa kwanza? Wanavijua kwa namba. Viepuke hivyo, hasa kuanzia Aprili hadi Juni.

Mtoni ni habari nyingine, na hapo sitaki kulainisha maneno. Alfajiri ya Juni 11, 2010, kwenye kambi ya Albert Pike kando ya Mto Little Missouri, Arkansas, maji yalipanda watu wakiwa usingizini ndani ya mahema na magari-nyumba. Kipimo cha mto kilitoka futi 3 hivi hadi zaidi ya 23 kwa usiku mmoja. Watu 20 walikufa, watoto wakiwamo. Mwishoni mwa Aprili 2017, Mto Current, ambao ni mzuri na maji yake ni maangavu kiasi cha kuhesabu kokoto chini, ulifika futi 37.2 pale Van Buren, Missouri. Rekodi ya awali ilikuwa 29, ya mwaka 1904. Julai 4, 2025, Mto Guadalupe huko Texas ulizoa gari-nyumba moja baada ya jingine. Kwa hiyo mtoni chagua kiwanja cha safu ya pili au ya tatu, kilicho juu ya ukingo, chenye njia ya kutoka inayopanda na isiyovuka kijito chochote. Utatembea dakika tatu hadi majini. Dakika hizo tatu ndizo bima yako.

Sasa gharama. Watu hudhani kukodi ni rahisi kuliko hoteli. Si kweli kwa safari fupi. Chukua mfano wa usiku 3, Kansas City hadi Table Rock na kurudi, kama maili 420, kwa gari la aina ya C, lile lenye kitanda juu ya dereva. Kukodi kwa dola 150 kwa usiku ni 450. Bima ya dola 30 kwa siku ni 90. Ada ya usafi na maandalizi, 100. Gari hilo hula galoni moja ya petroli kwa maili 8 hadi 10, kwa hiyo weka galoni 47, na galoni ikiwa dola 3 ni 141. Maili zisizolipiwa mara nyingi ni 100 kwa siku. Umezidisha 120, kwa senti 40 kila moja ni 48. Kiwanja dola 25 kwa usiku, 75. Jumla dola 904, kabla ya kodi, kabla ya chakula, na mbali na dhamana inayoshikwa kwenye kadi, ambayo huweza kuzidi dola 1,000. Bei hupanda na kushuka, lakini hesabu ni hiyo. Familia mbili zikigawana, au ukikaa usiku 6 badala ya 3, ndipo inapoanza kuleta maana.

Siku ya kulichukua gari usikubali kupewa maelezo kwa dakika kumi huku watoto wanalia. Omba saa nzima, na rekodi kila kitu kwa video: kila koki, kila swichi, mikwaruzo yote, hata paa ukiweza kupanda. Uliza bei ya jenereta kwa saa. Hesabu mikanda ya viti, si vitanda. Gari la kulala watu 7 linaweza kuwa na mikanda 5 tu, na kwenye trela asipande mtu yeyote likiwa barabarani. Angalia tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la gari-nyumba huzeeka likiwa limesimama juani. Likipita miaka 6 au 7, hata kama meno yake ni mapya, kataa. Tafuta pia lebo ya uzito mlangoni, inayosema watu na mizigo yao wasizidi pauni ngapi. Galoni moja ya maji ni pauni 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 40 likijaa ni pauni 330, karibu kilo 150. Ongeza watu sita, sufuria za pilau, boksi la barafu na nyama. Lebo inaisha upesi. Safiri na maji robo tangi, ya choo na kunawa njiani, ujaze kambini.

Barabarani andika kimo cha gari kwenye karatasi, ubandike mbele ya macho ya dereva. Aina ya C huwa futi 10 hadi 12, kiyoyozi cha juu kikihesabiwa. Mapaa ya vituo vya mafuta, matawi na madaraja ya zamani ya reli hayakusamehi. Adui wa pili ni mkia. Sehemu ya nyuma ya gari inaning'inia mbali na magurudumu, na ukikata kona kulia, mkia unafagia kushoto. Nguzo nyingi za pampu zimegongwa hivyo. Nenda mbele kwanza hadi gari limetoka kabisa, ndipo ukate.

Ramani ya simu haijui kwamba unaendesha nyumba. Itakupeleka barabara za herufi za Missouri, zile zinazoitwa kwa herufi badala ya namba, nyembamba, zenye kona juu ya kona, na mara nyingine itakushusha kwenye drifti, ule mkanda wa zege unaovuka mto bila kingo. Kabla ya kuondoka, ipitie njia yote ukiwa mezani, na ufuate maelekezo ya kambi yenyewe hata kama ni marefu. Maji yanayotiririka ya sentimita 30 huliinua na kulielesha gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, makubwa yakiwamo. Gari-nyumba lina ubavu mkubwa kama tanga la jahazi, na mto huusukuma ubavu huo vilevile upepo unavyosukuma tanga.

Mmefika. Hapa ndipo ndoa hupimwa. Kurudi nyuma kuingia kiwanjani, watu wawili wakipigiana kelele mbele ya majirani, ni aibu ambayo karibu kila familia imeipitia, na dawa yake ni rahisi. Anayeelekeza asimame upande wa dereva, nyuma, mahali anapoonekana kwenye kioo. Asipoonekana, dereva asimamishe. Mkubaliane maneno manne tu: rudi, kushoto, kulia, simama. Kushoto ni kwa mkia wa gari, si kwa usukani. Kabla ya yote mshuke wote wawili, mtembee kiwanja kizima, mtazame na juu.

Kisha usawa, kabla ya umeme na maji. Weka pimamaji sakafuni. Friji za gesi zinazotumika kwenye magari mengi hazina kompresa, dawa yake huzunguka kwa joto na kwa uzito wake yenyewe, na gari likiinama sana haizunguki. Nyama inaharibika, na friji yenyewe inaweza kufa kabisa. Panda kwenye vipande vya mbao au plastiki upande ulio chini, sawazisha kushoto na kulia kwanza. Weka kabari magurudumu yote ya upande mmoja, mbele na nyuma. Kwa trela, kabari huja kabla ya kulitenga na pikapu. Aliyesahau hilo kwenye mteremko wa ziwa amelitazama trela likienda zake. Jeki ndogo za pembeni ni za kuzuia kutikisika tu, usizitumie kuinua gari.

Nguzo ya umeme ichunguze kwa tochi kabla hujachomeka. Tundu la amp 30 lina matundu matatu, mawili ya kulala mshazari na moja la duara. Likiwa na duara la kahawia kuzunguka tundu moja, plastiki imevimba au imepasuka, hapo waya umelegea na umekuwa ukipata moto kila Jumamosi ya joto. Usichomeke. Omba kiwanja kingine. Ukiwa na kipimo cha umeme, kilichosahihi ni volti 120 kati ya laini na nyutro, 120 kati ya laini na ardhi, na sifuri kati ya nyutro na ardhi. Kuna mafundi wanaolifunga tundu hili kama la mashine ya kukaushia nguo, volti 240, na gari zima linaungua vyombo vyake kwa sekunde. Nunua kilinda-umeme kinachokata chenyewe volti zikishuka chini ya 104 au zikizidi. Ni dola 150 hadi 300 na ndicho kifaa ninachokisisitiza kuliko vyote. Mpango: zima breka ya nguzoni, yaani swichi yake ya kukata umeme, chomeka, washa. Kuondoa ni kinyume chake.

Amp 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, basi. Kiyoyozi kikiwa kimeshika kasi kinakula kama amp 13. Birika la umeme la wati 1,500 ni amp 12.5. Tayari ni 25.5. Hita ya maji ikiwa kwenye umeme ni amp 12 nyingine, na giza linaingia. Kwa hiyo chai ikichemka, hita izimwe au iwekwe kwenye gesi. Mchana wa Julai kila mtu anapowasha kiyoyozi, volti za kambi nzima hushuka, na kompresa hufa taratibu bila mtu kujua kwa nini. Pika nje, funika madirisha ya upande wa jua, punguza mzigo.

Maji: tumia mpira mweupe wa maji ya kunywa, si ule wa bustani, na regulata ya shinikizo ifungwe bombani kwanza, kabla ya mpira. Weka kati ya 40 na 50 psi. Kambi za milimani mara nyingine zina shinikizo kubwa usiku, watu wanapoacha kutumia, na mabomba ya plastiki ndani ya kuta hupasuka wakati mmelala.

Jikoni tahadhari ni ya mafuta. Maji ya sinki huenda tangi lake kwa bomba jembamba, na mchuzi wa nazi ukipoa huganda humo. Pangusa sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, weka chujio sinkini, na ukoko wa ugali na wali uende kwenye takataka. Samaki wakaangwe nje. Ndani king'ora cha moshi kitalia, na harufu itabaki kwenye godoro hadi siku ya kurudisha gari, na ada ya usafi itaongezeka.

Choo. Hakuna linaloogopwa kama hili na hakuna lililo rahisi kama hili likieleweka. Kinyesi hakisafiri, maji ndiyo hukisafirisha. Valvu ya tangi la choo ikae imefungwa siku zote, hata kama kiwanja kina bomba la taka. Ukiiacha wazi, maji hutoka, kinyesi hubaki na kujenga kichuguu chini ya choo, kigumu kama saruji. Ukianza na tangi tupu, mwaga kwanza galoni mbili au tatu na dawa yake. Wanaotumia maji badala ya karatasi wana nafuu hapa, tangi lao huwa laini siku zote. Ila hujaa mapema, kwa hiyo familia ya watu sita ihesabu siku mbili au tatu kwa tangi la galoni 30. Anayetumia karatasi aijaribu nyumbani: vipande vinne kwenye chupa ya maji, tikisa, ikisambaratika inafaa. Vitambaa vyenye unyevu visiingie kamwe, hata vile vilivyoandikwa kwamba vinaruhusiwa.

Viwanja vingi vya ziwani vina umeme na maji tu. Taka humwagwa kituo kimoja karibu na lango. Vaa glavu za mpira. Funga bomba la inchi 3 kwenye gari hadi usikie na uone meno mawili yameshika kila upande, maana lililoshika upande mmoja hufunguka katikati ya kazi. Ncha ya pili izame tunduni na iwekewe jiwe. Vuta valvu ya choo kwa nguvu moja, iache wazi kabisa hadi sauti iishe. Funga. Ndipo uvute ya maji ya sabuni, ambayo hulisafisha bomba kwa kupita. Mpira wa kuoshea wa kituoni usigusane na ule wako wa maji ya kunywa. Usimwage hata maji ya sabuni chini kwenye nyasi: ni kosa kisheria, na miamba ya Ozark ni chokaa yenye matobo, kilichomwagwa hapa hutokea kwenye chemchemi kule.

Sasa usiku wa mvua. Paa la gari-nyumba ni jembamba, na mvua ya kawaida husikika kama kokoto zinamwagwa. Hofu inakuja yenyewe, na haina aibu. Lakini sauti ya paa haikuambii kitu kuhusu mto, kwa sababu mvua inayoua mara nyingi hunyesha maili 30 juu, wewe ukiona nyota. Mengi ya mabonde haya hayana mtandao, usitegemee simu. Nunua redio ya hali ya hewa, dola 30 hivi, inayoshika masafa ya 162.400 hadi 162.550 MHz na kupiga kengele yenyewe. Jua tofauti ya maneno mawili. "Watch" maana yake hali inaruhusu mafuriko. Hapo unahama kiwanja cha chini kabla ya giza, unaingiza turubai la kivuli, gari linatazama njia ya kutokea, viatu na funguo vinakaa mlangoni. "Warning" maana yake yanatokea au yako karibu kutokea. Hapo huhami kitu. Watu watoke kwa miguu, wapande juu.

Kila jioni chomeka kijiti kwenye ukingo, pale pale maji yanapoishia, na ukiangalie kabla ya kulala. Mto wa Ozark una dalili. Maji maangavu yanageuka rangi ya chai ya rangi, kisha ya maziwa. Majani na vijiti vinaanza kupita katikati badala ya kukaa pembeni. Povu linajikusanya. Mwishoni unasikia mawe yanagongana chini, kama mtu anasukuma fanicha kwenye chumba cha jirani. Ukisikia hilo umechelewa kuondoa gari. Gari lina bima.

Mto White, chini ya bwawa la Bull Shoals, unapanda hata siku ya jua kali. Bwawa lina mitambo 8 ya kufua umeme, na ikiwashwa maji hupanda futi kadhaa, yakiwa baridi ya karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa sababu hutoka kina cha ziwa. King'ora hulia bwawani, lakini mbali zaidi husikii. Mvuvi aliyesimama katikati kwenye kokoto hugeuka akakuta njia aliyokuja nayo imefunikwa. Ratiba ya mitambo hutolewa siku moja kabla, ila hubadilika. Weka jiwe moja machoni, likizama, toka.

Ziwani hatari ni ya chini. Kwa kuwa ni bonde lililozama, unatembea maji ya magotini, hatua inayofuata hakuna ardhi. Kambi nyingi hazina mlinzi wa kuogelea. Kwenye boti au mtumbwi, Missouri inataka watoto chini ya miaka 7 wavae jaketi la kuokolea, Arkansas wa miaka 12 na chini; kwa familia ambayo wazazi hawajui kuogelea, wavae wote, hata kwenye maji ya ukingoni. Leseni ya kuvua samaki inahitajika kuanzia miaka 16, na kila jimbo lina yake, ingawa ziwa ni moja.

Kupe nao wasipuuzwe. Kupe jike mwenye doa jeupe mgongoni, aliyejaa Ozark, anaweza kumwachia mtu mzio wa nyama nyekundu: ng'ombe, mbuzi, kondoo, vyote. Mwili huwasha au pumzi hubana saa kadhaa baada ya kula, kwa hiyo wengi hawaihusishi na nyama. Nyunyiza nguo na viatu dawa ya permetrini nyumbani, zikauke; ngozini tumia yenye DEET. Kila jioni kagueni watoto nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti. Umkute, mshike kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja. Usimchome moto.

Kuni nunua hukohuko, zilizokatwa karibu, maana wadudu wanaoua misitu husafiri ndani ya magome. Kelele zinyamaze saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na jenereta isiwekwe chini ya dirisha la mtu, hata lako: moshi wake hauna harufu ya kutosha kukuamsha.

Kuondoka huchukua saa moja na nusu, si dakika ishirini. Turubai, antena, ngazi, valvu za gesi, kabati zote kufungwa, umeme kwa mpango wake, maji, na kabari mwisho kabisa. Kwa trela, baada ya kulifunga kwenye pikapu. Mtu mmoja azunguke gari akigusa kila kitu kwa mkono huku mwingine anasoma orodha. Rudisha gari na petroli ileile, matangi matupu, na piga video tena mbele ya mwenye gari.

Ila asubuhi ya mwisho, kabla hamjaanza kufungasha, tembea kambi nzima na daftari. Andika namba za viwanja vilivyo juu, vyenye kivuli cha alasiri, vilivyolala, na ambavyo njia yake haivuki kijito. Tafuta pia vijiti na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi ya miti ya ukingoni. Pale yalipo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Namba zote zilizo chini ya mstari huo zikate. Zilizobaki ndizo za kuweka kwenye simu, na kengele ya saa 4 asubuhi, miezi 6 kabla ya likizo ijayo.